Kabla kitambulisho cha chuo hakijafa: shajara ya mwaka wa mwisho na mashine ya jeki

13 Januari 2025: Orodha

Huu ni mwaka wangu wa mwisho wa diploma ya sanaa, hapa Mombasa kisiwani. Nimejikita kwenye uchapaji: kuchonga bao, kulipaka wino, kulikandamiza kwenye karatasi. Kitambulisho changu kinakufa mwisho wa Novemba, na baada ya hapo askari wa getini hanifungulii hata nimwamkie vipi.

Waliotangulia nimewaona. Wengi waliokuwa hodari wa uchapaji hawachapi tena, na si kwamba sanaa imewatoka. Mashine ilibaki chuoni, basi. Mmoja anapaka mabango ya saluni Kisauni, mwingine anauza simu Mwembe Tayari, na wote ukiwauliza watakuambia "nikipata mashine nitarudi". Mashine ya rola kama ile ya chuo, ukiiagiza kutoka nje, bei yake ni ya pikipiki. Harudi mtu.

Kwa hiyo mwaka huu nimeacha kuorodhesha masomo nitakayofundishwa. Nimeorodhesha vitakavyonitoka siku nikifungiwa geti. Mashine. Karakana yenye sinki na kamba za kuanikia. Maktaba. Watu wanne watano wanaoniambia ukweli kuhusu kazi yangu bila kunionea haya. Mwalimu wa uchapaji, ambaye ukimuuliza swali anavuta stuli. Na ule udhuru wa kukaa kutwa nikichonga bila mama kuuliza "kwani hiyo kazi inaisha lini?"

Vingine havinunuliki, nitavitumia hadi vichakae. Vingine nadhani naweza kuvitengeneza mwenyewe kabla sijatoka, na shajara hii inavihusu hivyo: mashine ndogo, mabao ya bei ya hapa, wino unaokauka kwenye hewa ya hapa, na kikundi cha kukosoana. Kazi ya majaribio ni moja tu, mfululizo wa chapa za mikokoteni ya soko la Marikiti. Mtaji ni shilingi 20,000, pesa za hina za harusi za Desemba.

3 Februari: Mwenye ufunguo

Karakana ya chuo ina mashine moja na foleni ndefu. Ila foleni ni ya mchana tu. Saa moja asubuhi hakuna mtu, na Ijumaa baada ya saa sita inabaki tupu. Ufunguo hauko kwa mkuu wa idara, uko kwa mtunza karakana, mzee ambaye wanafunzi wengi wanampita kama mlango. Nilimwomba anifundishe kuitunza mashine, nami niwe naisafisha na kuitia grisi. Akakubali, mradi nisiwe naondoka na matambara.

Hili nawaambia wa mwaka wa kwanza kwa mkazo: mzee huyu anajua mambo ambayo hayako kwenye mtaala wowote. Amenionyesha kupima kama rola inakandamiza sawa pande zote mbili. Unaweka ukanda wa karatasi kila upande, unabana, kisha unavuta zote mbili kwa pamoja. Ule unaotoka kirahisi ndio upande uliolegea. Amenionyesha pia kwamba felti, vile vitambaa vizito vinavyolazwa kati ya rola na karatasi, zikikaa na unyevu wa gundi ya karatasi zinakuwa ngumu, na chapa inatoka na mabaka ambayo kila mtu huyalaumu kwenye wino. Tulizifua kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, tukazikausha zikiwa zimelala. Mabaka yakaisha.

Gharama: hakuna. Na sasa naingia saa moja.

24 Februari: Mabao

Chuo kinatoa kipande kimoja cha lino kwa muhula. Mjini, kipande cha ukubwa wa karatasi ya kuandikia nilikikuta kwa shilingi 650. Kwa mtu anayetaka kuchapa maisha yake yote, hiyo haiendi. Nilipita kwa mafundi seremala, kwa wauza mikeka ya sakafu na kwenye jaa la nyumbani, nikachonga kila nilichopata, mchoro uleule wa gurudumu.

Lino kwanza. Lino ni mafuta ya kitani yaliyogandishwa na unga wa koki juu ya kitambaa cha juti. Vitabu vya nchi za baridi vinakuambia uipashe moto kabla ya kuchonga. Hapa inatoka dukani imeshalainika! Shida yetu ni kinyume chake: mchana wa Februari mistari myembamba inalala. Nachonga alfajiri na kuiweka chini ya meza, mbali na dirisha.

Mkeka wa plastiki wa sakafu ni rahisi sana, lakini patasi inateleza na kila mstari unaacha ndevu. Nimeuacha. Ndala kuukuu zinachongeka vizuri ajabu, na kwa mkono zinagonga muhuri safi. Ukizitia kwenye mashine zinajikamua na mchoro unatanuka. Zimebaki kwa mihuri midogo.

Mbao za kweli zina mambo yake. Mvule hujijengea vijiwe vya chokaa ndani, huvioni mpaka patasi imemeguka ncha. Yangu ilimeguka. Msaji hautoi vijiwe, lakini una mchanga mchanga wa asili unaokula makali, nikawa nanoa kila baada ya mistari michache. Faida yake ni ukingo: mstari wa msaji hausogei. Mwembe ni laini na vinyweleo vyake vinaonekana kwenye chapa, jambo nililolipenda kwa barabara na vumbi. Ubao wa kwanza wa mwembe ulikuwa haujakauka vizuri, ukaanza kutoa unga wa dudu juu ya meza. Sasa nanunua uliokauka tu, na naugonga kwanza chini kuona kama kuna unga unaodondoka.

Mshindi amekuwa MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi, yale mabaki ya makabati ambayo seremala anayatupa au anakuuzia kwa shilingi 50. Mara ya kwanza ilikunywa wino wote na kuvimba kama mandazi. Dawa yake ni vanishi ya shelaki: paka mara mbili kabla ya kuchonga, chonga, paka tena mara moja, nyepesi. Mistari myembamba inameguka, hilo halina dawa. Kwa hiyo maumbo makubwa nachonga kwenye MDF, na sehemu zenye mambo madogo madogo, kama nyuso na kamba, kwenye lino.

Za majaribio nachapa kwenye mifuko ya unga iliyopasuliwa. Ni karatasi imara, inabeba wino vizuri, na haina gharama. Wazo lenyewe nimelitoa maktaba. Msanii Mkenya Rosemary Karuga alisoma sanaa Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1950, akarudi akafundisha shule miaka mingi, na ni alipokaribia miaka 60 ndipo alipoanza kujulikana kwa kolaji za vipande vya karatasi za sabuni na mifuko ya unga. Mwaka 1990 zikaonyeshwa Harlem, New York. Kusubiri kwake mimi sikutaki. Mfuko wa unga nimeuchukua.

17 Machi: Wino haukauki

Ramadhani, kaskazi imelegea, hewa imesimama. Chapa nilizoanika kwenye kamba wiki iliyopita bado zinachafua vidole, na nyeusi ndiyo mbaya zaidi.

Nilizitoa juani darini. Karatasi zikajikunja, vumbi likanata, na wino bado mbichi chini ya ngozi. Feni ilisaidia kidogo sana. Mwalimu akavuta stuli. Wino wa mafuta, akasema, haukauki kama nguo. Maji hutoka nguoni yakaenda zake. Mafuta ya kitani huvuta oksijeni hewani yakageuka kuwa ngozi ngumu. Kukiwa na unyevu mwingi na hewa haitembei, kazi hiyo inachelewa. Na wino mweusi umejaa masizi, ambayo nayo huchelewesha.

Mambo matatu yalibadilisha hali, na nayaandika kwa mpangilio wa umuhimu wake:

Kupaka wino mwembamba. Rola ya mkono ya kupakia wino ikipita kwenye kioo unachotandazia wino iwe na sauti ya kuchanika kidogo, si ya kulamba. Nilikuwa nafidia mkandamizo hafifu kwa kuongeza wino, na hapo ndipo unapopoteza siku zako.

Kuchanganya nyeusi na kahawia ya udongo, ile yenye madini ya manganizi. Manganizi huharakisha ukaukaji. Kijiko kimoja kwa vinne, na weusi wake unapata joto ambalo kusema kweli nalipenda kuliko ule wa kopo.

Kubadilisha wino wenyewe. Wachapaji wa kadi za harusi na kalenda mjini wanatumia wino mzito unaouzwa kwa kilo, na makopo yenye mabaki hawana haja nayo. Nililipa 900 kwa kopo karibu kilo nzima. Una vikausho tayari. Nyuzi za joto za hapa zinaulegeza, kwa hiyo natia unga kidogo wa kabonati ya magneziamu ili ukae juu ya mistari usimwagike kwenye mifereji. Chapa zinakauka kwa usiku mmoja au miwili.

Kusafisha: mafuta ya kupikia kwanza, kisha sabuni ya kipande na maji. Tapentaini ndani ya chumba kisicho na madirisha ni kujitafutia kichwa kuuma. Na matambara yenye mafuta ya kitani yasirundikwe kwenye pipa. Yanapokauka yanatoa joto, na rundo linaweza kushika moto lenyewe. Yatandaze uani. Sasa naelewa kwa nini mzee wa karakana anayahesabu.

Jambo moja jingine la unyevu: karatasi inatanuka. Nilichapa rangi ya kwanza mchana, ya pili asubuhi ya siku iliyofuata, na gurudumu likawa na kivuli chake pembeni. Karatasi hutanuka zaidi kukatiza nyuzi kuliko kufuata nyuzi. Nazikata zote upande mmoja, nazifunga kwenye nailoni, na rangi zote mbili za mchoro mmoja zinachapwa saa zilezile za siku.

12 Mei: Mkokoteni unaoning'iniza mtu

Vikao vya kukosoana darasani vilikuwa vimegeuka harusi. Kila mtu "mashallah, endelea hivyo hivyo", kisha chai. Nilipendekeza kwa wenzangu wanne tujaribu utaratibu mwingine, na mwalimu akaturuhusu: mwenye kazi anakaa kimya kabisa, mwenzake mmoja anaandika, na wanaoangalia wanajibu maswali matatu tu. Macho yako yametua wapi kwanza? Hapa ni saa ngapi za siku, na umejuaje? Ungefunika sehemu gani kwa mkono, picha isipungukiwe? Hakuna "nzuri" wala "mbaya". Kukaa kimya ndiko kugumu. Unasikia mtu anasema anga yako ni bahari, na huruhusiwi kufungua mdomo.

Bao la nne, mkokoteni uliosheheni magunia ukipanda kutoka Marikiti, lilipita salama. Waliuona uzito, wakaona jua la saa nane, walifurahia kivuli. Mwalimu naye aliridhika.

Kisha nikaipeleka chapa Marikiti kwenyewe, kwa wanaume wanaoegesha mikokoteni yao kivulini. Mzee mmoja aliipokea kwa ncha za vidole, akaigeuza kidogo kwenye mwanga.

"Binti yangu, huu anauvuta nani?"

"Huyu hapa, mzee."

"Huyu havuti. Huyu ananing'inia. Magunia yote umeyapakia nyuma ya ekseli. Akishika mikono tu, mzigo unakaa chini kule na yeye anapaa huku." Akainua mikono ya mkokoteni wake mtupu kwa kidole kimoja, akanionyesha jinsi unavyopumzika juu ya ekseli. "Mzigo unaupanga mbele kidogo tu, uegemee mkononi. Usiegemee sana, utakuvunja kiuno. Na breki iko wapi?"

Breki ni kipande cha tairi kilichofungwa nyuma. Mteremkoni mvutaji anainua mikono, nyuma inashuka, mpira unasugua lami. Nimepita hapo tangu niko darasa la kwanza na nilikuwa nadhani ni tairi la akiba.

Lino iliyochongwa hairudi. Kilichowezekana ni kiraka. Nilikata eneo la magunia kwa kisu cha wembe, kisu kikiwa wima kabisa ili ukingo usiwe na mteremko, nikakata kipande kipya kwa kukifuatisha shimo lenyewe, nikabandika vyote viwili juu ya MDF kwa gundi ya mbao na kuweka matofali usiku kucha. Mshono ulionekana kwenye chapa ya kwanza kama uzi mweupe. Niliujaza nta ya mshumaa, nikakwangua juu usawa. Chapa ya pili haukuonekana, na baada ya nakala kama kumi inabidi kuujaza tena.

Mikono ya yule mvutaji niliichonga upya pia, na visigino sasa vimeinuka. Kikao kilichofuata, swali la kwanza, wote walijibu visigino.

Tangu hapo kila bao linapita vikao viwili, cha darasani na cha kivulini.

23 Juni: Mashine, toleo la kwanza

Mashine ya rola siiwezi, silinda iliyonyooka sawasawa ni kazi ya kiwanda chenye lathi kubwa, mashine ya kukerezea vyuma. Ya jeki inawezekana: fremu ya chuma, bamba la chini limetulia, bamba la juu linashuka, na katikati yake jeki ya gari ya chupa, ile ya kupampu mafuta iliyosimama kama chupa, inayosukuma. Nilinunua vyuma vya chaneli kwenye skrepa kwa kilo, nikampelekea fundi wa kuchomelea kule Jomvu mchoro wenye vipimo.

Kwenye mchoro, jeki ilining'inia kutoka boriti ya juu, ikisukuma bamba chini. Ilionekana ni akili ya kawaida. Fundi akachomelea kama ilivyochorwa, tukaifunga jeki, tukapampu. Mkono ukapanda ukashuka, bamba halikusogea hata unywele.

"Jeki ya chupa haipampu kichwa chini, binti," fundi akasema. "Mafuta yamekimbilia upande mwingine, pampu inavuta hewa."

Nikamuuliza mbona hakusema mapema.

"Mwenye mchoro ni wewe. Nikajua mwasomea."

Jeki nyingi za chupa ziko hivyo. Marekebisho ni rahisi ukishajua: jeki inasimama wima juu ya bamba linalosogea, na kichwa chake kinasukuma boriti ya juu. Boriti imechomelewa haiendi popote, basi bamba ndilo linaloshuka. Springi nne zinalirudisha juu ukifungua vali. Tulikata vishikizo, tukavigeuza, na mchana huohuo ikachapa ndala. Ndala tu, lakini ikachapa.

Kuileta nyumbani alinisaidia yule mzee wa Marikiti. Mzigo aliupanga mbele kidogo ya ekseli.

14 Julai: Katikati peupe

Bao dogo la ukubwa wa kadi linatoka safi. Bao la sentimita 30 kwa 40 linatoka na kingo nyeusi na kitumbo cheupe katikati. Nikapampu zaidi, kingo zikazidi weusi, kitumbo kikabaki palepale.

Hesabu kwanza. Jeki ni ya tani 6. Kwenye kadi ya sentimita 10 kwa 15 hizo ni kilo 40 kwa kila sentimita ya mraba. Kwenye 30 kwa 40 zinabaki 5. Mashine ya rola haina tabu hii kwa sababu inakandamiza mstari mmoja mwembamba kwa wakati, si bao zima. Kwa hiyo ya jeki ina mpaka wake, na kujua mpaka huo mapema kungeniokolea karatasi nyingi.

Lakini kilo 5 zingetosha kwa lino kama zingeenea. Hazikuenea. Nililaza rula ya chuma juu ya bamba wakati limekandamizwa, nikaona mwanga chini yake. Bamba la juu nililonunua ni la milimita 6, linapinda. La chini linapinda pia.

Fundi alichomelea mbavu za vyuma vya pembe mgongoni mwa mabamba yote mawili, tatu tatu. Kuchomelea kukaleta kasoro mpya: joto lilivuta bamba la chini likawa na mbonyeo mdogo. Hakuna haja ya kulirudisha. Juu yake nimelaza hadibodi, kisha vipande vya gazeti vilivyopangwa mahali palipobonyea tu, kikubwa chini na vidogo juu yake, kisha felti. Unachapa, unaangalia palipofifia, unaongeza kipande, unachapa tena. Wachapaji wa zamani wa herufi za risasi walifanya hivyohivyo kila siku, na mzee wa karakana alinionyesha jinsi ya kuchana kingo za gazeti badala ya kuzikata kwa mkasi, ili kusiwe na ngazi inayoonekana kwenye wino.

Bao la 30 kwa 40 sasa linatoka. Si kama la chuoni. Weusi mpana una chembechembe kidogo, na kwa mikokoteni zinafaa. Kwa picha ya bahari iliyotulia nisingeziruhusu. Mabao mapya nayachonga 30 kwa 20, mashine inayaweza bila kulalamika.

18 Agosti: Mazoezi ya kazi

Wenzangu wengi waliomba nafasi kwenye kampuni za matangazo. Mimi nilirudi kwa wachapaji wa kadi za harusi. Hakuna usanii pale, na nilichoka sana. Nilichopata: kukata rimu nzima ya karatasi bila kupinda, kusoma upande wa nyuzi kwa kulowesha ukingo, na kuhesabu bei kuanzia karatasi iliyoharibika badala ya ile nzuri. Kwa kila kazi wanatenga karatasi za kupotea kabla hata ya kuwasha mashine. Darasani tulikuwa tunajifanya hazipo.

22 Septemba: Karatasi ya makubaliano

Mwenye mkahawa mmoja mjini aliona chapa za mikokoteni akataka moja ichongwe maalumu kwa menyu yake na ukuta. Shilingi 12,000. Nilikuwa tayari kusema ndiyo papo hapo.

Mwalimu wa somo la biashara, ambaye darasa lake tunaliona la usingizi, aliniambia nisianze kuchonga. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kazi uliyoagizwa kwa malipo huhesabiwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Yaani bila karatasi, mkokoteni wangu ungekuwa wake, akitaka auchape kwenye fulana. Kazi unayojichongea mwenyewe bila kuagizwa ni yako, na ulinzi wake unadumu maisha yako yote na miaka 50 baadaye.

Tuliandika nusu ukurasa kwa Kiswahili cha kawaida: hakimiliki inabaki kwangu, yeye anaruhusiwa kutumia picha kwenye menyu na ukutani kwa miaka miwili, bao linabaki kwangu, nusu ya malipo kabla ya kuanza. Nilidhani atakasirika. Alisoma, akauliza kama anaweza kuiweka kwenye mifuko ya kubebea chakula pia, tukaongeza mstari na shilingi 3,000. Saini, nakala mbili.

Somo hilo huwa Ijumaa asubuhi. Msilikose.

20 Oktoba: Ukutani

Maonyesho madogo kwenye ukumbi wa kahawa, pembeni mwa Mji wa Kale. Kuta tumepewa bure, kahawa chungu na kashata wanauza wao. Chapa za 30 kwa 20, nakala ishirini kwa kila bao, zimeandikwa namba na kutiwa saini kwa penseli. Fremu zilitaka kunimaliza: kioo ni ghali na unyevu ukiingia nyuma yake ukungu unashika karatasi. Nimezitundika wazi, zimebanwa kwa vibanio vya nguo kwenye kamba ya katani. Watu wamezigusa. Nakala mbili zimepata alama za vidole vya kashata na nimeziuza nusu bei.

Bei: 1,500 moja. Zilizochapwa kwenye mifuko ya unga, ambazo niliziona ni takataka za majaribio, ndizo zilizotangulia kuisha. Sijui niseme nini juu ya hilo, ila sasa nazihifadhi.

17 Novemba: Hesabu

Mashine yote, shilingi 13,950. Vyuma vya skrepa 4,050, jeki 2,600, kuchomelea mara ya kwanza 3,500, springi 600, vyuma vya mbavu 720, kuchomelea mbavu 1,000, rangi na boliti 480, hadibodi na felti 650, mkokoteni 350. Ukianza na jeki ikiwa wima na mbavu zikiwa tayari kwenye mchoro, fundi anachomelea mara moja tu na unaokoa ile elfu.

Vilivyoshindikana kuhamishwa: chumba cha asidi cha kuchoma mabamba ya shaba, kwa sababu mivuke yake haina mahali nyumbani kwetu, na maktaba. Maktaba nimeitumia mwezi huu kuliko miaka miwili iliyopita, nanakili kwa mkono mapishi ya wino na gundi. Mwalimu ameniambia nimpigie simu nikikwama, na najua mipaka ya ruhusa ya namna hiyo.

Kikundi cha kukosoana kinahamia nyumbani kwetu, Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Yule anayepaka mabango ya saluni amekuja mara ya kwanza akiwa na bao lake la zamani lililofungwa gazetini. Tulilichapa. Halikuwa na shelaki, likanywa wino, tukalikausha na kulipaka, atarudi.

Wawili wameomba vipimo vya fremu. Naviweka hapa fundi akishamaliza ya pili, kwa sababu hii ya kwanza ina sentimita 12 za urefu zisizo na kazi yoyote, na jeki inabidi kuinuliwa kwa kipande cha msaji ndipo kichwa chake kiifikie boriti.